Naomba ushauri: Mapinduzi ya Utamaduni ya China nianze kuyaeleza kutoka mwaka gani?

Habari zenu wakuu. Naandaa mada ya China kwa kikundi chetu cha kusoma historia, na nimekwama mahali pa kuanzia.

Wengi huanza na Agosti 1966, Walinzi Wekundu, yaani vijana wafuasi wa kiongozi wa China Mao Zedong, walipoingia mitaani kufuta mambo manne ya kale: fikra, utamaduni, desturi na mazoea. Novemba wakafika Qufu, mji wa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale, wakavunja sanamu yake na kufukua makaburi ya ukoo wake. Nchi iliyolelewa kwa kuheshimu wazee na kuenzi marehemu, leo wanafunzi wanawapiga walimu wao hadharani! Kila nikisoma hapo naumia.

Lakini vijana wa Beijing wa 1919 nao walikuwa wakimlaumu Confucius kwa unyonge wa taifa lao. Halafu kuna Sheria ya Ndoa ya 1950, iliyopiga marufuku ndoa za kulazimishwa na desturi ya kuweka masuria. Hilo naliona jema kabisa, sitaki lifunikwe na vurugu za Mao.

Na Chama cha Kikomunisti cha China ni kilekile kilichoruhusu Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina na utamaduni wake, ya Nairobi ikiwapo tangu 2005, na kuifanya Qingming, siku ya kusafisha makaburi, kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2008.

Mliosoma zaidi nisaidieni: nianze 1919, au 1949 Wakomunisti walipotwaa madaraka? Na masimulizi ya wanawake wa vijijini, hasa kuhusu ile sheria ya ndoa, nitayapata wapi?