Mjadala: Mwislamu akifika Hong Kong, ale dim sum wapi?

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Mdogo wangu anasafiri wiki ijayo kwa mara ya kwanza. Anapitia Hong Kong, kisha anaingia mji wa Guangzhou, China bara, kuchukua vipuri vya simu. Aliuliza swali dogo tu kwenye kundi letu la wafanyabiashara: "Dim sum nzuri naipata wapi?" Tuliulizana na kujibizana mpaka usiku wa manane, wengine wakanuniana. Nimeona nilete hoja hapa, kwa sababu watu wetu wanaopita mji ule ni wengi, na tangu 2024 serikali ya Hong Kong yenyewe imetangaza kwamba inawataka watalii Waislamu. Basi tuzungumze wazi wazi.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye meza ile: dim sum ni vitafunio vya Wakantoni, Wachina wa upande wa Guangzhou na Hong Kong, vinavyoliwa kwa chai tangu asubuhi hadi mchana. Wenyewe hawasemi twende tukale, husema yum cha, kunywa chai. Vikapu vidogo vya mianzi vinaletwa vikifuka mvuke, kila kimoja na vipande vitatu au vinne, mnagawana. Mwenzako akikumiminia chai, unagonga meza kwa ncha za vidole viwili, hiyo ndiyo asante. Birika likiisha, unaacha mfuniko upande upande, mhudumu anajua mwenyewe.

Kwenye kundi letu zilitoka kauli tatu. Wa kwanza alisema Mwislamu aingie popote, achukue vya kamba wa baharini tu, Mungu anajua nia. Wa pili, kaka yetu Mkristo wa Arusha, alisema dim sum isiyo na kitimoto si dim sum, ni pilau isiyo na bizari, kwa hiyo Mwislamu aiache tu akale biriani ya Wapakistani pale Chungking Mansions, lile jengo la maduka na nyumba za wageni. Wa tatu alisema wote waende mahali penye nyota ya Michelin, ile tuzo ya mikahawa bora, wamalize ubishi.

Mimi nawapinga wote watatu, na wa kwanza ndiye ninayempinga kwa uchungu, kwa sababu kauli yake niliiishi miaka mitatu.

Safari zangu za mwanzo nilikuwa na mwenyeji, mtu mwema kabisa, akinipeleka jumba moja la chai upande wa Kowloon. Kila mara ananiagizia har gow, yale maandazi madogo ya kamba yenye ngozi nyeupe inayopenya mwanga. "Kamba tu, dada, kula." Nikala kwa amani. Mwaka wa nne mke wa mteja wangu mmoja akanialika jikoni kwake anifundishe kuyatengeneza. Akachanganya wanga wa ngano na wanga wa muhogo, akaumwagia maji yanayotokota na kukoroga haraka kwa vijiti. Unga ulipoanza kushikana akafungua kopo, akachota kijiko cha mafuta meupe yaliyoganda, akaukanda nayo mpaka ukang'aa. Kisha kwenye ule mchanganyiko wa kamba na machipukizi ya mianzi akatia vipande vidogo vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Nikauliza ni nini. Akanieleza bila kuficha, maana hakuona la kuficha: mafuta ya nguruwe ndani ya ngozi, na shahamu ya nguruwe ndani ya kamba, ili wasikauke kwenye mvuke. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Mikono ilinilegea. Hakuna aliyenidanganya kwa makusudi. Mwenyeji wangu alikuwa anaona kamba, basi akasema kamba.

Kwa hiyo ndugu unayeshauri "chukua vya kamba", ujue unachomshauri mwenzako. Si maandazi hayo peke yake. Keki ya figili, lo bak go, mara nyingi ina soseji ya Kichina ndani yake. Mikate ya mvuke yenye krimu ya mayai inaweza kukandwa kwa mafuta hayo hayo, na tabaka za nje za vile vikeki vya mayai vilevile. Hata vikapu vinapangwa kimoja juu ya kingine, mvuke wa cha chini unapanda kwenye cha juu. Nia ya mlaji Mungu anaijua kweli, lakini wewe unayempeleka unaulizwa kwa ulichokijua.

Sasa kaka wa Arusha. Nakuheshimu, na najua umekula dim sum kuliko sisi wote. Lakini panda siku moja hadi ghorofa ya 5 ya Masjid Ammar, nambari 40 Oi Kwan Road, Wan Chai. Jengo hilo la ghorofa nane lilifunguliwa 1981, msikiti na kituo cha Kiislamu pamoja, na ndani yake kuna kantini inayouza dim sum ya halali. Ni ukumbi wa kawaida, taa za ofisi, meza za duara, kelele. Unapewa karatasi na kalamu, unatia alama unachotaka. Har gow zipo, ngozi inang'aa vilevile na haipasuki ukiinyanyua kwa vijiti. Siu mai, yale maandazi madogo yaliyo wazi juu, ipo bila nguruwe. Na angalia ni nani wamekaa: dada wa Kiindonesia siku yao ya mapumziko, vijana wa Kipakistani waliozaliwa hapo hapo na wanaosema Kikantoni kama maji, na meza kadhaa za wazee wa Kichina ambao si Waislamu, wamekuja na magazeti yao kwa sababu chakula ni kizuri na bei haiumizi. Kama mzee wa Hong Kong aliyekunywa chai ya asubuhi maisha yake yote anakaa pale saa mbili nzima, mimi na wewe wa Kariakoo na Arusha tunapata wapi ubavu wa kusema si dim sum?

Isitoshe, Waislamu wanaosema Kikantoni si wageni wa jana. Msikiti wa Huaisheng pale Guangzhou ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, na Hong Kong ina Waislamu takriban 300,000, maelfu mengi wakiwa Wachina. Watu hao wamekuwa wakinywa chai na vitafunio vyao muda wote huo. Dim sum kwangu ni ule ustadi wa unga, mvuke, birika na watu mliokaa nao. Nguruwe ni kiungo kimoja, kinachopendwa sana, sikatai.

Huyu wa Michelin nitamjibu kwa ufupi. Tim Ho Wan ilianzishwa 2009 kwenye kijiduka cha Mong Kok na Mak Kwai Pui, mpishi wa dim sum aliyetoka mkahawa wa hoteli ya kifahari, na ikapata nyota haraka. Ni habari nzuri ya fundi aliyewapelekea watu wa kawaida chakula cha matajiri. Lakini kinachowapangisha watu foleni pale ni mkate wa kuokwa wenye nguruwe ndani. Nyota haimsaidii Mwislamu chochote.

*

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu. Nawajibu wachache.

Shemeji uliyeandika kwamba nawatisha watu bure, kwa kuwa mikahawa mingi siku hizi hutumia mafuta ya mimea: ni kweli ipo inayofanya hivyo. Lakini utaijuaje ukiwa umekaa mezani, lugha huna, na mhudumu ana meza ishirini? Tafuta cheti cha halali kilichobandikwa. Kama hakipo, kunywa chai.

Dada wa Mombasa umeleta jambo ambalo sikulisema, ahsante sana: mikahawa ya mboga. Umetaja LockCha, iliyo ndani ya Hong Kong Park, Admiralty, jirani na makumbusho ya vyombo vya chai. Nimekula pale. Nyama haimo kabisa, chai yao ni ya kiwango kingine, na mtu anayetaka utulivu wa kuzungumza biashara atafurahi. Ninachokosa ni zile kelele na meza ya watu wengi, lakini hilo ni pendo langu tu. Kwa mgeni anayefika Wan Chai akakuta foleni ya Jumapili imeshuka ngazi, nakubali, aende huko.

Na wewe kijana wa Bukoba, Mkatoliki, unayeuliza "sisi wengine je?" Nyinyi uwanja ni mpana, ila msikimbilie majina. Nendeni asubuhi mapema kwenye jumba lolote la chai la mtaani ambako wazee wamejaa, kaeni meza moja nao mkiruhusiwa. Kama mnataka kuona mikokoteni ya vikapu ikisukumwa kati ya meza, maana imebaki mahali pachache, Maxim's Palace pale City Hall bado wanaisukuma. Lakini mkiwa na Mwislamu katika msafara wenu, tafadhali msimketishe hapo akitazama. Nyinyi mnaweza kula kwake, yeye hawezi kula kwenu. Twendeni wote Wan Chai.

Kuna aliyeuliza njia. Ukilala Tsim Sha Tsui, panda kivuko cha Star Ferry cha kwenda Wan Chai, siyo kile cha Central, kisha unatembea. Nenda kabla ya adhuhuri. Dim sum ni ya asubuhi na mchana, ukichelewa utakuta wali na mchuzi wa kondoo, ambao nao ni mtamu, lakini hukuufuata huo. Ijumaa watu ni wengi mno baada ya swala.

Nimeshamwandikia mdogo wangu anwani kwenye karatasi, kwa herufi zetu na kwa Kichina. Guangzhou ndiko ninakokwama. Kule mtaa wa Xiaobei chakula cha halali hakina shida, lakini kila ukiuliza unaelekezwa kwenye tambi za kuvutwa za watu wa Lanzhou au nyama choma ya Wauyghur, na mji huo ndio kitovu chenyewe cha chai ya asubuhi. Mliokuwa huko mwaka huu, nipeni jina la mkahawa wenye cheti ukutani na vikapu vya dim sum mezani. Anaondoka Jumanne.