Mtetemo wa misuli baada ya kiharusi: tununue mashine?

Habari zenu wanajumuiya. Mume wangu amepata kiharusi majuzi, upande wa kulia hauitiki. Hospitalini wanamwekea kimashine kinachotetema mkononi. Wifi anashauri tununue mashine ya masaji mtandaoni tuendelee naye nyumbani akiruhusiwa. Mnasemaje?

Jibu la kwanza

Pole sana dada, na shemeji naye umpe pole. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Msinunue kwanza.

Kile cha hospitalini hakifanyi kazi ya masaji. Ndani ya msuli mna vipokezi vinavyohisi unapovutika. Kano (kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa) ikitetemeshwa kama mara 80 hadi 100 kwa sekunde, vipokezi hivyo huupelekea uti wa mgongo na ubongo taarifa kwamba msuli unavutwa. Mtu akifumba macho anaweza hata kuhisi mkono unasogea, kumbe umetulia tuli. Watafiti walilieleza hilo mwaka 1972. Kwa shemeji, basi, ubongo unapata habari za mkono ambao bado hauwezi kujisogeza wenyewe.

Faida iliyoonekana zaidi ni kupungua kwa ukakamavu wa misuli. Tafiti nyingi ni za wagonjwa wachache, kwa hiyo sitakuahidi makubwa. Kinachomrudisha mtu hasa ni mazoezi ya kushika, kuachia na kuinuka kitini, tena na tena. Mtetemo unayasindikiza tu.

Mashine za masaji mapigo yake ni mapana na mazito, tena ya polepole zaidi. Kama ana damu iliyoganda mguuni, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ngozi imekufa ganzi, mnaweza kumdhuru. Na msiwe na pupa: utafiti wa AVERT wa 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi mno kuanzia ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri.

Jibu la pili

Pole mama. Kama hospitalini hawasemi Kiswahili, omba mkalimani wao siku ya maelezo ya kurudi nyumbani, watoto wasifasiri (wanaruka yanayowatisha, nimeyaona). Mwombe mtaalamu akuonyeshe mazoezi nawe uyarudie mbele yake, na akikubali umrekodi kwa simu. Umwulize pia jinsi ya kumnyanyua: bega la upande uliopooza huteguka kirahisi, asivutwe mkono.