Naomba ushauri: 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641, nimweleze vipi mwanafunzi?

Mwalimu wa Klabu: Habari za jioni wakuu. Nasimamia klabu ya hisabati kwenye shule ya kata, kompyuta hatuna. Ijumaa niliandika ubaoni namba za Fermat, yule mwanahisabati wa Ufaransa, yaani 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa, na Fermat aliamini zitaendelea hivyo. Inayofuata ni 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, yaani 4,294,967,297. Nikawaambia mwanahisabati Euler aliiangusha imani hiyo mwaka 1732 kwa kuonyesha kuwa 641 ni kigawo chake. Binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, alijuaje ni 641? Alijaribu zote?" Kabla ya 641 kuna namba tasa 115. Nilikosa jibu, na swali lake bado linanikaa kichwani.

Mzee wa Chaki: Kwanza wagawanye wenyewe, mwalimu. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Wakiendelea watafika 6,700,417 bila baki. Waione kwa macho yao kabla ya maelezo.

Dada Vipeo: Hakuhitaji kujaribu zote. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kizidisho cha 64, ongeza 1. Andika 65, 129, 193 na kuendelea, ukate zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Mwalimu wa Klabu: Asante sana dada. Ila uthibitisho wa hiyo 64 kwa kidato cha pili si utawalemea?

Dada Vipeo: Utawalemea, uache kwanza. Wape huu, ndio naupenda kuliko yote. 641 ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa hiyo ukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 640 ni sawa na −1, na 625 ni sawa na −16. Zidisha 640 × 640 × 640 × 640: kwa mabaki ni −1 mara nne, unapata 1. Lakini 640 ni 5 × 128, hivyo hiyo hiyo ni 625 × 2 kipeo cha 28. Weka −16 mahali pa 625, inakuwa −(2 kipeo cha 32). Basi 2 kipeo cha 32 ni −1; ongeza 1, baki ni sifuri.

Mzee wa Chaki: Mabaki waanzishie kwenye saa ya ukutani. Saa kumi ukiongeza saa tano ni saa tatu, hilo wanalijua tangu utotoni.

Mwalimu wa Klabu: Nimekaa na kalamu usiku huu. 193 inaacha baki 109, 257 inaacha 2. Ile ya 640 nimeirudia mara tatu, sasa imeniingia. Ijumaa naanza na saa, halafu chaki nampa yule binti agawanye kwa 641 mbele ya wenzake.