Majirani wa Mkunazi: nani kinara wa kinanda cha roki?

Frank wa Kwaya: Majirani, habari za jioni. Naomba mnisaidie swali moja. Kwenye muziki wa roki, mpiga kinanda bora wa wakati wote ni nani? Mzee Hamisi shikamoo, najua hili ni la kwako.

Mzee Hamisi: Marahaba Frank. Jon Lord wa Deep Purple. Usiku mwema.

Baba Latifa: 😂😂😂 mzee kafunga kikao kabla ya kufungua

Frank wa Kwaya: Mzee wangu, tupe na sababu basi.

Mzee Hamisi: Roki ni himaya ya gitaa. Ukiingia na kinanda kwenye bendi yenye mpiga gitaa kama Ritchie Blackmore wa Deep Purple, unamezwa mzima mzima. Unabaki kujazia nyuma. Hammond, ile ogani ya umeme, kwa kawaida hupitishwa kwenye spika ya Leslie, lile kabati lenye pembe inayozunguka ndani, sauti inatoka inapepea. Ni tamu, lakini mbele ya gitaa lile ni ya kanisani. Lord alichukua Hammond yake, C3, akaichomeka kwenye amplifaya za Marshall, zile zile za wapiga gitaa. Ikaanza kunguruma na kukwaruza. Sikiliza Highway Star ya 1972. Solo ya kinanda inatangulia, ya gitaa inafuata, na huwezi kusema ya kwanza ilikuwa ya kuchangamsha tu.

Mzee Hamisi: Na 1969 tayari alishawapeleka wenzake Royal Albert Hall kupiga na okestra ya Royal Philharmonic, kazi aliyoitunga mwenyewe. Nani mwingine?

Suleiman Leicester: Mzee Hamisi, Jon Lord kazaliwa hapa hapa Leicester, 1941. Nasema tu kwa faida ya kikundi.

Bi Zuhura: Ah, kama hoja ni kuzaliwa, Freddie Mercury wa Queen kazaliwa Unguja, 1946, na piano ya Bohemian Rhapsody kapiga yeye. Tushamaliza.

Frank wa Kwaya: Bi Zuhura shikamoo. Freddie si ni mwimbaji?

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Mwimbaji nani kakataa? Mie nauliza piano nani kapiga, jirani? Tazama pale mwanzo, mkono wa kushoto unaruka juu ya wa kulia, unagonga noti za juu, unarudi kwao. Kajaribu na kwaya yako huko.

Frank wa Kwaya: Nimeshajaribu 🙈 Si ngumu hivyo, ila ina ujanja wake.

Mzee Hamisi: Bi Zuhura, kijana wetu tunamheshimu sana. Lakini kuanzia 1984 Queen walipotoka kwenye ziara walikuwa wanamchukua Spike Edney awapigie vinanda, Freddie apate kuzunguka jukwaa. Bingwa wa kinanda haajiri mpiga kinanda.

Bi Zuhura: Tajiri ndiye anayeajiri.

Baba Latifa: 🔥🔥🔥

Mjumbe: Samahani kuwakatiza. Gari la taka linapita kesho asubuhi na kuna nyumba hazijatoa hela. Mnajijua. Endeleeni.

Baba Latifa: Hela ya taka kimya, Deep Purple kelele 😂

Frank wa Kwaya: Kura yangu ni Ray Manzarek wa The Doors. Jukwaani bendi ile kwa kawaida haikuwa na mpiga besi. Kulia alikuwa na Vox Continental, kile kinanda ambacho vibao vya kawaida vyeupe vimekuwa vyeusi na vyeusi vimekuwa vyeupe. Juu yake, upande wa kushoto, kaweka Fender Rhodes Piano Bass, kadude kafupi ka vibao 32. Basi kushoto ndio besi ya bendi nzima, kulia ndio muziki.

Suleiman Leicester: Studioni waliita watu wa besi lakini. Larry Knechtel yumo kwenye albamu ya kwanza, 1967.

Frank wa Kwaya: Studioni sawa, kaka. Mimi nasema jukwaani. Mpiga besi wetu akichelewa ibada, besi naibeba mimi kwa mkono wa kushoto. Wimbo wa pili tu, mkono wa kulia ushasahau kazi yake, unaanza kumfuata mwenzake kama mtoto. Sasa sikiliza Light My Fire ile ndefu, ya dakika 7. Kushoto anazungusha kitu kile kile hakiyumbi, kulia anatembea anakotaka. Halafu kuna mwimbaji wao Jim Morrison mbele, hujui dakika inayofuata atafanya nini, na wewe ndiye unatakiwa umfuate. Hapo sijaona mwingine.

Mzee Hamisi: Hoja ina uzito. Endelea kulisha kwaya.

Mama Happy: Baba Happy yuko hapa ananisumbua, anasema mnamsahau yule wa visu.

Baba Latifa: Visu??

Mzee Hamisi: Keith Emerson. Si sarakasi tupu, Baba Latifa. Kisu ukikichomeka katikati ya vibao, noti inabaki imeshikwa inalia, mikono yako iko huru kwenda kwenye kinanda kingine. Visu vyenyewe alipewa na Lemmy, yule wa Motörhead, enzi hizo akiwa mbeba vyombo wa The Nice, bendi ya Emerson ya wakati huo.

Mama Happy: Anasema pia alikuwa anapiga piano inayozunguka hewani.

Mzee Hamisi: Tamasha la California Jam, 1974. Piano na yeye wamefungwa pamoja, wanabingirika. Hapo sasa ndio sarakasi. Lakini msimdharau, ile Moog, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, mwishoni mwa Lucky Man, 1970, ndiyo iliyowafungua wengi masikio kwamba sinthesaiza inaweza kuimba. Vidole alimzidi Lord, nakiri mchana kweupe. Kosa lake moja: bendi yake, Emerson, Lake na Palmer, ni kinanda, besi na ngoma. Gitaa la Greg Lake lilikuwa la kutembelea. Ukicheza bila mpinzani utaacha kushinda?

Mama Happy: Anasema hiyo ni hoja ya mtu aliyeshindwa.

Suleiman Leicester: Na Rick Wakeman mnamweka wapi? Piano ya Life on Mars? ya David Bowie ni yeye, kabla watu hawajamjua kwa bendi ya Yes na yale majoho. Kule kwenye Space Oddity pia yumo, na Mellotron, kile kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda.

Mzee Hamisi: Wakeman wa kukodiwa namkubali kuliko Wakeman wa majoho. Mwaka 1975 aliipeleka hadithi ya Mfalme Arthur Wembley, watu wakiigiza kwa kuteleza juu ya barafu.

Baba Latifa: Barafu ya kweli?

Mzee Hamisi: Ya kweli.

Mama Happy: Sasa hili ni langu mwenyewe, si la Baba Happy. Mmetaja wanaume tupu. Christine McVie wa Fleetwood Mac vipi? Songbird walimrekodia ukumbini Berkeley, yeye na piano, hana wa kujificha nyuma yake. Na nusu ya nyimbo mnazozijua za bendi ile katunga yeye.

Frank wa Kwaya: Mama Happy umenikamata. Kodi zake, yaani noti zinazogongwa pamoja, ni chache na hakuna hata moja ya kujionyesha.

Mzee Hamisi: Nakubali. Tano bora yumo.

Mama Happy: Tano bora ya nani? 😒

Baba Latifa: Mimi si mtaalamu, ila nina mtu wangu. Richard Wright wa Pink Floyd. Wenzake walimtoa kwenye bendi wakati wa albamu ya The Wall, kisha wakamrudisha kwenye maonyesho kwa mshahara. Maonyesho yale yakala hasara, wenye bendi wakaibeba, mwenye mshahara akaondoka na chake. Huyo ndiye bora, kwa hesabu.

Mjumbe: 😂😂 huyo angelipa taka

Mzee Hamisi: Unacheka Baba Latifa, lakini umemtaja mtu. Echoes ya 1971 inaanza na noti moja ya piano iliyopitishwa kwenye Leslie. Moja. Anagonga, ananyamaza, anagonga. Dakika 23 zinajengwa juu ya kitu kile. Lord asingeweza kukaa kimya hivyo.

Frank wa Kwaya: Mzee unabadilisha kura??

Mzee Hamisi: Sijasema hivyo. Nimesema asingeweza kukaa kimya.

Bi Zuhura: Anabadilisha. Mie namjua.

Mama Happy: Mjumbe, Baba Happy anaomba arudishwe kikundini. Anaapa siasa hatagusa, ni vinanda tu.

Mjumbe: Vinanda tu?

Mama Happy: Vinanda tu.

*Mjumbe amemwongeza Baba Happy*

Baba Happy: Asanteni majirani. Nimesikiliza yote nikiwa nje. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Billy Preston! Tazameni lebo ya Get Back ya 1969, imeandikwa The Beatles na Billy Preston. Beatles wanagombana, anaingia yeye na piano ya umeme, wanapata adabu. Na ile siku ya kupiga juu ya paa London yupo. Halafu mtu ananiletea Jon Lord!

Mzee Hamisi: Mjumbe, mtoe.