Vigari vya mbao vya kuchezea watoto vipimwe maabara kabla ya kuingia soko la Makoroboi, Mwanza?

Mtaa_wa_Pili: Wakuu, Marekani tangu sheria ya 2008, kitu cha mtoto wa miaka 12 kushuka chini hakiuzwi bila vipimo na lebo ya kumfuatilia mtengenezaji. Huku kigari kinatoka Nyakato asubuhi, mchana kiko Makoroboi. Mafundi walazimishwe kupima? Wengine wanapaka hadi rangi iliyobaki kwenye mitumbwi ya Kirumba.

Randa: Rangi ya mtumbwi inabakia wapi? Mwenye mtumbwi anakwangua kopo mpaka bati. Tunanunua rangi ya mafuta dukani kama wewe.

Bi_Vipimo: Kaka Randa, ya dukani ndiyo salama? Angalia njano na chungwa: zipo zinazopata ung'avu kwa risasi, yale madini yenye sumu. Mtoto hali kopo, anatafuna kigari.

Ngosha_wa_Igoma: Kikomo cha risasi kwenye rangi huko Marekani si sehemu 600 kwa milioni?

Bi_Vipimo: Hiyo ya zamani, ngosha. Sasa ni 90, kwa rangi iliyokauka.

Randa: Mwenye kigari cha elfu mbili alipie maabara? Semeni tu mnataka magari ya plastiki ya nje.

Bi_Vipimo: Hata huko Marekani fundi mdogo, mwenye mapato madogo na asiyezidisha vipande 7,500 vya bidhaa moja kwa mwaka, amepunguziwa vipimo. Ila risasi kwenye rangi na vipande vidogo hakusamehewa.

Sindano: Hivyo vidogo ndivyo vinavyokaba. Mrija wa Marekani wa kupimia vipande vidogo una kipenyo cha milimita 31.7, kitako mshazari, kina 25.4 upande mmoja na 57.1 wa pili. Kipande kikizama chote humo bila kusukumwa, si cha mtoto chini ya miaka 3. Jicho la mdoli Ulaya linavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 9. Lifunge kamba, ning'iniza ndoo yenye lita 9 za maji polepole, hesabu mpaka kumi. La gundi tupu ndilo la kwanza kung'oka. Tumia jicho lenye shina, shina lipenye hadi nyuma ya kitambaa, ulifunge kwa pete. Gurudumu nalo, msumari ukipigwa kwenye mbao mbichi hulegea mbao ikikauka.

Ngosha_wa_Igoma: Si unaandika tu "haifai chini ya miaka 3"?

Sindano: Kwenye manyanga? Anayetikisa manyanga ana miezi sita, bwana.

Randa: Nangoja jibu la mitumbwi.

Mtaa_wa_Pili: Pita Kirumba jioni, uhesabu makopo.

Randa: Makopo matupu!