Hognosi wangu kaning'ang'ania kidole na kukitafuna. Ni mkali, au nakosea mimi?

Mchimbamchanga:
Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaofuga hognosi, wale nyoka wa pua iliyobinuka juu. Wangu ni jike, hognosi wa magharibi, ana miezi 9 na nina miezi miwili tu naye. Tangu siku ya kwanza, nikifunua tangi anabapaza shingo, anapuliza pumzi kwa nguvu na kurusha kichwa kuelekea mkono wangu. Amenipiga mara nyingi ila hajawahi kunitoa damu.

Juzi mambo yalibadilika. Niliingiza mkono kumtoa, akaja kimya kimya bila kupuliza wala kutanua shingo, akanidaka kidole cha shahada. Hakuachia. Akawa anasogeza taya mbele na nyuma kama anatafuna, yapata dakika tatu, mpaka nikamvuta kwa nguvu. Usiku kidole kilivimba na uvimbe ukashuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Leo bado kimevimba na kinawasha.

Nyumbani kuna mtoto wa miaka 6. Nampenda sana huyu nyoka, lakini nimeanza kuwaza nimtafutie mtu mwingine. Nifanyeje?

Gambalaini:
Pole sana mkuu. Kwanza mkono: kama una pete au saa, vua sasa hivi. Osha kwa sabuni na maji, weka mkono juu kidogo ya usawa wa moyo, usiukate wala kuufunga kamba. Uvimbe ukipanda kuelekea kiwiko, yakitokea malengelenge au michubuko inayosambaa, au ukihisi kupumua kwa shida au mwili mzima kuwasha, nenda hospitali bila kungoja. Mwambie daktari ni nyoka gani na alikung'ata muda gani.

Pili, naomba majibu ya maswali matatu. Unamlisha kila baada ya siku ngapi? Unamlisha kwa mkono au kwa kibano? Na siku ile, kabla ya kumshika, ulikuwa umegusa nini?

Mchimbamchanga:
Asante. Pete nimeivua, uvimbe haujapanda tena tangu asubuhi. Namlisha kila siku ya 10 au 12, panya mchanga mmoja wa kuyeyusha barafu, namshikia kwa vidole. Na siku ile... nilikuwa nimetoka kuwayeyusha panya. Nilijifuta kwa kitambaa tu.

Gambalaini:
Basi jibu lako liko hapo. Ulichokiona ni vitu viwili tofauti kabisa, na wengi wanavichanganya.

Kupuliza, kubapaza shingo na kurusha kichwa ni woga. Hognosi hana mbio wala nguvu ya kukaba, kwa hiyo anajionyesha mkubwa na mkali kuliko alivyo. Mtazame vizuri akirusha kichwa: mara nyingi mdomo umefumbwa, anakugonga kwa pua. Ndiyo maana hujatoka damu miezi miwili. Akizidiwa na hofu anaweza hata kujifanya maiti, anageuka tumbo juu, anaachama, ulimi nje, na ukimgeuza asimame sawa anajipindua tena tumbo juu. Hilo utaliona zaidi kwa ndugu zake hognosi wa mashariki.

Aliyekutafuna hakuwa anaogopa. Alikuja kimya, hakutangaza, akashika na kutafuna. Huyo alikuwa anakula. Macho ya nyoka hayamwambii mengi kuhusu kidole, pua na ulimi ndivyo vinavyoamua, na kidole chako kilinukia panya. Nyoka mchanga wa umri huo anahitaji mlo kila siku 5 hadi 7. Wako alikuwa na njaa, na ulikuwa umemfundisha kwamba vidole ndiko chakula kinakotokea.

Kobe Mzee:
Naongezea hapo kwenye kutafuna, maana ndiyo sehemu ya kuheshimu. Hognosi wana sumu, tena wenye maduka wengi hawasemi. Meno yao makubwa yako nyuma ya taya la juu na sumu inatoka kwenye tezi ya Duvernoy taratibu, haisukumwi kwa nguvu kama ya swila au moma. Ndiyo maana muda ni kila kitu. Akigusa na kuachia, mara nyingi hupati chochote. Dakika tatu za kutafuna ni nyingi. Hakuna kifo cha mtu kilichorekodiwa kwa hognosi, lakini kuna taarifa ya kitabibu ya mgonjwa aliyeshuka chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) baada ya kung'atwa na wa magharibi, na hakuna dawa maalumu ya kupambana na sumu yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni "kama kuumwa na nyuki", wala asikutishe kwamba utakufa.

Siku nyingine aking'ang'ania usimvute, utamvunja meno na kujichana. Peleka kidole na nyoka wote chini ya maji baridi ya bomba, au mdondoshee spiriti kidogo kandoni mwa mdomo. Anaachia.

Randa:
Mimi nasema mshike kila siku, tena avae mtu glavu nene. Atazoea tu, wangu alizoea.

Kobe Mzee:
Randa, kwa heshima, hapa sikubaliani nawe. Glavu nene inakunyima kuhisi unambana kiasi gani, na hognosi mwenye hofu akishikwa kila siku anaacha kula. Hawa wanasusa chakula kwa sababu ndogo sana. Bora dakika tano, mara mbili kwa wiki, na kamwe si ndani ya saa 48 baada ya kula wala macho yake yakiwa na ukungu wa kujivua gamba.

Mama Kijani:
Mchimbamchanga, nikuulize kama mama: mtoto anaruhusiwa kulifungua tangi? Weka kufuli leo. Na mtoto amguse tu wewe ukiwa umemshika, mikono ya wote imeoshwa kabla na baada, maana nyoka hubeba pia salmonela, bakteria wanaoharisha.

Halafu kina cha maranda ni kiasi gani? Wangu aliacha kupuliza siku nilipomwekea sentimita 10. Pua ile ni ya kuchimbia. Asipokuwa na pa kuzama, kila mkono ukitokea juu yake kwake ni ndege anayewinda.

Mchimbamchanga:
Maranda ni sentimita 3. Sijawahi kufikiria jambo hilo.

Gambalaini:
Ongeza. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hivi, wa baridi 23 hadi 25, kwa themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto. Mlishe kwa kibano kirefu pekee. Na kabla ya kumtoa, mguse mwili taratibu kwa bomba la karatasi ya chooni. Baada ya muda atajua kwamba bomba likifika si saa ya kula. Umchukue kwa kumpitishia mkono chini ya tumbo, kutoka ubavuni.

Mchimbamchanga:
Wakuu, narudi baada ya wiki tano. Uvimbe uliisha siku ya sita, kuwasha kuliendelea karibu siku kumi. Kufuli ipo, maranda yamefika sentimita 11, anakula kila siku ya 6 kwa kibano na hajasusa hata mara moja. Bado anapuliza nikifunua, ila shingo habapazi tena. Simpeleki popote.

Jana nilimgusa kwa bomba, nikapitisha kiganja chini. Alikaa mkononi ulimi ukitoka na kuingia, mwanangu akamgusa mgongo kwa kidole kimoja. Kisha nikamrudisha, akaingiza pua kwenye maranda, akazama.

Mama Kijani:
Mmeosha mikono?

Mchimbamchanga:
Wote wawili, mama. Kabla na baada.