Pikapu inabugia mafuta: nifunge chipu, nibadili matairi au niuze?

Mkulima wa Kibiti
Wakuu, habari za jioni. Pikapu yangu inabugia mafuta mpaka naogopa kupita sheli. Nina kama milioni mbili na nataka kuamua wiki hii. Fundi mmoja anasema nifunge chipu ya kompyuta ya injini, mwingine nibadili matairi, shemeji anasema niuze ninunue kigari kidogo. Kipi kinalipa?

Gia ya Tano
Mkuu, umetuletea nusu ya mgonjwa. Pikapu gani? Injini gani? Inakwenda kilomita ngapi kwa lita, na umepimaje? Kama unaangalia mshale wa geji tu, bado hujapima kitu. Jaza mpaka pampu ijikate, andika kilomita, tembea, rudi sheli ileile ujaze tena, kisha gawa.

Mkulima wa Kibiti
Hilux Vigo dabo kebini, dizeli, injini ya 2KD, gia za mkono. Nimepima hivyohivyo, inakuja 7.5. Natoka Mbagala kwenda shamba na kurudi, mzigo wa kawaida.

Dada Lami
Mzigo wa kawaida ndiyo kilo ngapi? Na spidi je? Mkishapita Mkuranga mnapaa, mpaka tochi ya trafiki iwakumbushe breki. Ukitoka 90 ukaenda 120, upepo unaipinga gari karibu mara 1.8, na pikapu haikuumbwa kupasua upepo. Mimi natembea 85, gia ya tano, mguu mwepesi. Nikiona tuta kwa mbali naachia mafuta mapema, sisubiri kukanyaga breki. Haigharimu hata shilingi.

Gia ya Tano
Naongezea: kwenye mteremko usiweke nyutro. Hizi injini za komoni reli, yaani dizeli inapimwa na kompyuta, ukiachia pedali ukiwa ndani ya gia, nozeli zinakata dizeli kabisa. Ukiweka nyutro zinamwaga tena ili injini isizime. Na ukiwa kwenye mteremko mkali wa Kitonga, hapo mafuta siyo tatizo lako kubwa.

Nyanda za Juu
Kaka, kabla hujampa fundi hela sikiliza yaliyonikuta. Nina Hilux ya zamani, injini 3L, nabeba viazi kutoka Njombe kushuka Makambako. Fundi mmoja akaniambia "hii pampu inamwaga sana, niachie mpaka saa nane". Akalegeza nati, akaizungusha pampu kidogo, akakaza, akalamba laki yake. Kesho yake alfajiri, na baridi ya Njombe mnaijua, gari haiwaki. Ilipowaka ikatoa moshi mweupe mtaa mzima, jirani akatoka na blanketi akidhani nyumba inaungua. Mlimani nimekanyaga mpaka chini, malori ya mbao yananipita. Nikapima mafuta: inakula kuliko mwanzo! Fundi simu hapokei. Yule wa pili akaweka saa ya kupimia kwenye pampu, akaniambia taimingi imechelewa, mafuta yanaingia muda umeshapita. Nikalipa tena.

Fundi Nozeli
Usitupake mafundi wote, mzee. Kuhusu chipu: kazi yake ni kuongeza dizeli ili upate nguvu. Watu wanafunga wakisema wanabana matumizi, wiki ya pili wanashindana na mabasi. Anza na vya bei ndogo: filta ya hewa, upepo wa matairi kulingana na kibandiko cha mlangoni, na breki. Ukifika shamba, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu, usiguse. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki imeshika na unaivuta njia nzima. Hayo matairi ni saizi gani?

Mkulima wa Kibiti
Ilikuja na 255/70R15, nikafunga 31x10.5R15 ya matope. Na keria juu. Inapendeza jamani.

Dada Lami
Ee Mungu wangu. Ukurasa mzima ndiyo unasema sasa!

Bwana Hesabu
Ngojeni kidogo. Tairi la inchi 31 ni refu kuliko lile la mwanzo kwa karibu asilimia 6.7, kwa hiyo ukitembea kilomita 100 za kweli, dashibodi inasoma kama 94. Hiyo 7.5 yako ni 8 hivi. Spidi nayo inakudanganya: ukiona 110, uko karibu 117.

Gia ya Tano
8 bado ni mbaya. Toa keria. Mimi pia nafungua mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite.

Bwana Hesabu
Hiyo ni hadithi ya vijiweni. Ukiwa umefungwa, hewa inajizungusha humo kwenye bodi na upepo wa juu unateleza. Ufunge.

Gia ya Tano
Miaka yote nafungua na naona tofauti.

Bwana Hesabu
Umepima au umeona?

Mama Bajaji
Si ufunge gesi tu? Bajaji yangu imenisahaulisha sheli.

Fundi Nozeli
Dada, bajaji yako ni ya petroli, ina plagi. Dizeli haiwashwi kwa plagi, huo mtungi unataka injini ibadilishwe sana. Sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta nazo usije ukaziuliza hapa.

Nyanda za Juu
Mkulima, hayo matairi ya 31 yamebaki kashata (meno ya tairi) kiasi gani? Mimi huku matope ni ya kila siku, nakupa laki nne kwa yote manne.

Mkulima wa Kibiti
Laki nne? Moja tu nilinunua zaidi ya hapo. Na sijasema nauza.

Nyanda za Juu
Laki nne na nusu, usafiri juu yangu.